Nabii Isa si Yesu aliyepunguzwa

Mwaka 2001 mahakama ya wilaya mjini Morogoro ilimhukumu mhubiri mmoja wa Kiislamu kifungo cha miezi 18. Kosa lake lilikuwa kutamka, mbele ya watu waliokusanyika kusikiliza mhadhara wa dini, kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Upande wa mashtaka ulitumia kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu anayesema maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Hukumu ile ilizua hasira misikitini na maandamano Dar es Salaam. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 mahakama hiyo ikamfutia hatia. Majaji waliona jambo ambalo mtoto yeyote wa madrasa angeweza kuwaeleza bila ada ya wakili: alichokisema mtu yule ndicho Uislamu unachokifundisha, na Katiba inampa raia haki ya kuitangaza imani yake.

Kisheria mambo yaliishia hapo. Mitaani hayajaisha mpaka leo. Mkristo anaposikia tamko lile anasikia kashfa dhidi ya Bwana na Mwokozi wake. Mwislamu anayelitamka, akiwa na nia safi, anaamini kwamba anamtetea Nabii Isa, amani iwe juu yake, asizuliwe jambo ambalo hakulidai. Watu wawili wanampenda mtu mmoja, na upendo wa huyu unamchoma yule.

Mimi ni Mwislamu, na upande wa mama yangu nina ndugu waliobatizwa. Kwa miaka mingi nimeyasikiliza mazungumzo ya pande zote mbili kuhusu mwana wa Maryam, na naona tunakosea mahali pamoja. Tunapiga hesabu. Mkristo humchukua Yesu wake, akatoa msalaba, akatoa ufufuko, akatoa uana wa Mungu, kisha akasema mabaki ndiye Isa wa Waislamu. Mwislamu naye humchukua Isa wake, akajumlisha yale ambayo kwake ni nyongeza za mitaguso na wanateolojia, akasema jumla hiyo ndiye Yesu wa Wakristo. Hesabu zote mbili ni mbovu. Isa wa Qur'ani ana kisa chake kizima, chenye mwanzo wake, mantiki yake na mwisho wake. Asiyekijua kisa hicho kwa ukamilifu hawezi kukikubali wala kukikataa.

Kisa hicho hakianzi na Isa. Kinaanza na bibi yake. Katika sura ya tatu, iliyopewa jina la ukoo wa Imran, mke wa Imran ni mjamzito na ameweka nadhiri kwamba kilichomo tumboni kitamtumikia Mungu hekaluni. Anajifungua, na mtoto ni wa kike. Mama anashtuka, maana hilo silo alilolitazamia, lakini nadhiri inapokelewa vilevile na mtoto anaitwa Maryam. Watu wanashindana nani amlee, wanapiga kura kwa kutupa kalamu zao, na malezi yanamwangukia Zakaria. Kila Zakaria anapoingia mihrabuni anamkuta binti ana chakula ambacho yeye hakukileta. Anapouliza kimetoka wapi, anajibiwa kwamba kimetoka kwa Mwenyezi Mungu. Jibu hilo la mtoto linamwamsha mzee. Papo hapo Zakaria, ambaye nywele zimeshamjaa mvi na mkewe ni tasa, anaomba naye apewe mtoto. Ndipo anapobashiriwa Yahya, ambaye Wakristo wanamwita Yohana Mbatizaji.

Mkristo atasema habari za utoto wa Maria hekaluni hazimo katika Biblia yake. Ni kweli hazimo. Lakini Wakristo wa mashariki walizisimulia tangu karne ya pili, katika maandishi yanayojulikana kama Injili ya Yakobo, na mpaka sasa Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiorthodoksi huadhimisha tarehe 21 Novemba kutolewa kwa Bikira Maria hekaluni. Kwa hiyo padri anayemwambia Mwislamu kwamba habari hizo zimezuka Arabuni akaitazame kwanza kalenda ya kanisa lake.

Hata pale vitabu viwili vinapokwenda bega kwa bega, havisemi kitu kimoja. Injili ya Luka na Suratu Maryam zote zinaanza na Zakaria mzee, zote zinamnyamazisha ulimi baada ya kubashiriwa mtoto. Kwa Luka, ububu ule ni adhabu kwa kuwa mzee hakusadiki maneno ya malaika. Katika Qur'ani, Zakaria mwenyewe ndiye aliyeomba ishara, akapewa masiku matatu ya kutosema na watu hali ya kuwa mzima. Tukio ni lile lile, lakini huku kuna kuonywa na kule kuna kukirimiwa. Msomaji anayekimbilia kusema kwamba ni mamoja amepitwa na utamu wa vitabu vyote viwili.

Kisha tunafika kwenye uzazi wenyewe. Katika Suratu Maryam, sura ya 19, hakuna hori, hakuna wachungaji, hakuna mamajusi wala Herode. Yusufu seremala hayumo kabisa. Maryam anachukua mimba bila ya kuguswa na mwanamume, anajitenga mahali pa mbali, na uchungu unampeleka kwenye shina la mtende. Anatamani angekuwa amekufa na kusahauliwa kabla ya siku ile. Sauti inamliwaza asihuzunike: chini yake kuna kijito, na akilitikisa shina zitamdondokea tende mbivu. Ale, anywe, atulie, na akimwona mtu asiseme naye siku hiyo. Sijui maandiko mengine matakatifu yanayoutazama uchungu wa mwanamke anayezaa peke yake kwa ukaribu wa namna hii, na sishangai kwamba wako kina mama wa Kiislamu wanaoisoma sura hiyo wakiwa wajawazito.

Mtende huo nao una historia. Kando ya barabara ya Jerusalem kwenda Bethlehem, katika miaka ya 1990, wanaakiolojia walifukua kanisa la pembe nane la karne ya tano, lililojengwa mahali ambapo Wakristo wa zama hizo waliamini Maria alipumzika akiwa mjamzito. Sakafu yake ina michoro ya mitende kwa vijiwe vya rangi. Baadaye Waislamu nao walisali humo humo, wakaongeza mihrabu. Wafuasi wa dini mbili walipaheshimu mahali pamoja kwa ajili ya mwanamke mmoja.

Maryam anarudi kwa watu wake amembeba mwana. Wanamshutumu. Yeye, kwa kuwa ameahidi kunyamaza, anamwashiria mtoto, na mtoto anasema akiwa bado mchanga. Anajitambulisha kuwa mja wa Mungu, aliyepewa Kitabu na kufanywa nabii, aliyeusiwa sala na zaka na kumtendea wema mama yake. Muujiza wa kwanza wa Isa, kwa simulizi ya Qur'ani, ni kuiokoa heshima ya mama yake mbele ya kijiji. Katika Injili ya Yohana ishara ya kwanza ya Yesu ni kugeuza maji kuwa divai kwenye arusi ya Kana, baada ya mama yake kumweleza shida ya wenye arusi. Vitabu vinatofautiana juu ya yeye ni nani, lakini katika vyote viwili mlango wa miujiza unafunguliwa kwa ajili ya mama.

Neno la kwanza la kichanga yule ndilo ufunguo wa kisa chote: mja. Kila kinachofuata kinasimama juu ya neno hilo. Isa anafinyanga ndege kwa udongo, anampulizia, anaruka. Anamponya aliyezaliwa kipofu na mwenye ukoma. Anawahuisha wafu. Wanafunzi wake wanaomba meza ya chakula kutoka mbinguni, na ombi lao limeipa jina sura nzima, ya tano. Kila muujiza unapotajwa, Qur'ani inakumbusha kwamba ni kwa idhini ya Mungu. Inamwita Masihi. Inamwita neno la Mungu alilompelekea Maryam, na roho itokayo kwake. Hakuna nabii mwingine aliyekusanyiwa majina hayo. Jina la Isa linatajwa humo mara 25, na la Maryam mara 34, na Maryam ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika kitabu kizima. Katika Hadithi za Bukhari na Muslim imo riwaya kwamba kila mtoto huguswa na shetani anapozaliwa, isipokuwa Maryam na mwanawe. Wanaodhani Uislamu unamtaja Isa kwa kupita njia hawajaufungua msahafu.

Tena msahafu peke yake haujammaliza. Wanazuoni na masufii walisimulia habari zake karne baada ya karne. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Kipalestina Tarif Khalidi alichapisha mkusanyiko wa semi na visa zaidi ya 300 vya Isa kutoka katika fasihi ya Kiislamu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye kitabu chake, Ihya, kinasomeshwa na masheikh wa pwani yetu, ana visa vingi vya namna hiyo. Katika kimoja, Isa anatembea na kitana na kikombe tu. Anamwona mtu anachana ndevu kwa vidole, anatupa kitana. Anamwona mwingine anakunywa mtoni kwa viganja, anatupa kikombe. Katika kingine anapita na wanafunzi penye mzoga wa mbwa. Wanafunzi wanalalamikia uvundo, yeye anawaonyesha weupe wa meno. Huyu ni zahidi, mtu asiye na nyumba wala akiba, mlezi wa ndimi. Ndiye Isa aliyekaa ndani ya mioyo ya Waislamu hata pale ambapo Mkristo wa kujibizana naye hakuwapo.

Sasa tuje kwenye msalaba, maana hapo ndipo njia zinapoachana kabisa, na ndipo mihadhara yetu hupenda kupiga kambi.

Aya inayohusika imo katika sura ya nne. Wengi huinukuu bila ya kutazama iko wapi. Imo ndani ya orodha ya makosa ya watu waliovunja ahadi, wakawaua manabii, wakamsingizia Maryam uovu mkubwa, kisha wakajigamba kwamba wamemuua Masihi. Qur'ani inayajibu majigambo hayo: hawakumuua, wala hawakumsulubu, walifananishiwa tu, na Mungu alimwinua kwake. Zingatia kwamba kitabu chenyewe, pale pale, kinakiri kwamba manabii wengine waliuawa. Kwa hiyo hoja ya wahubiri wengi, kwamba nabii wa kweli hawezi kuuawa, haitoki katika aya hii. Aya inasema kwamba maadui wa Isa walidai ushindi ambao hawakuupata, na kwamba Mungu alimnusuru mja wake kama alivyomnusuru Ibrahim motoni na Yunus tumboni mwa samaki.

Ilikuwaje walifananishiwa? Hapo Waislamu wenyewe hawana jibu moja. Tabari, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 923, alikusanya riwaya mbalimbali. Nyingine zinasema wote waliokuwa naye nyumbani walipewa sura yake, nyingine zinasema mwanafunzi mmoja alijitolea kufa badala yake. Waahmadiyya wana msimamo wao: kwamba Isa aliwambwa msalabani, akateremshwa angali hai, akasafiri mpaka Kashmir, akafa kifo cha kawaida na kuzikwa Srinagar. Waislamu walio wengi wanaukataa msimamo huo vikali, kwa kuwa wao wanaamini Isa bado hajafa.

Mkristo, kwa upande wake, msalaba kwake si habari ya maadui waliofaulu. Ni habari ya Mungu aliyejitoa kwa hiari. Mtume Paulo alikwisha sema kwamba bila ya ufufuko imani yao ni bure. Ndiyo maana hoja za kuhesabu siku tatu za kaburini, au kuuliza ni mwanafunzi gani aliyekuwapo Golgota, hazimgusi Mkristo mahali panapomuuma wala panapomfariji. Mwislamu anauona utukufu wa Mungu katika kumwokoa mja wake asifikwe na mikono michafu. Mkristo anauona utukufu huo huo katika kutomwepusha. Hizi ni picha mbili za namna Mungu anavyopenda, na kila moja inajitosheleza.

Katika Mlima wa Mizeituni, Jerusalem, kuna kijengo kidogo chenye kuba, mahali panapoaminika kuwa Yesu alipaa mbinguni. Tangu mji ule uingie mikononi mwa Salahuddin mwaka 1187, mahali hapo pamekuwa chini ya Waislamu, na hadi leo ni wakfu wao. Wakristo hufanya ibada yao hapo sikukuu ya Kupaa inapofika. Imewezekana kwa sababu kupaa ndiko mahali ambapo visa viwili, baada ya kuachana msalabani, vinakutana tena kwa muda. Ng'ambo ya bonde, ndani ya Kuba la Mwamba lililojengwa na Khalifa Abd al-Malik mwaka 691 au 692, maandishi ya ukutani yanawahutubia Watu wa Kitabu wasivuke mpaka katika dini yao, yanamkana Mungu kuwa na mwana, kisha yanamwombea rehema Isa bin Maryam. Jengo hilo liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kanisa la Kaburi Takatifu. Mjenzi wake hakuficha tofauti, na hakuona kwamba kuitaja tofauti kunamzuia kumswalia mwana wa Maryam.

Kisa cha Kiislamu hakiishii mbinguni. Hadithi zinaeleza kwamba Isa atateremka karibu na mwisho wa dunia, penye mnara mweupe mashariki ya Damascus, na Msikiti wa Bani Umayya mjini humo una mnara unaoitwa kwa jina lake. Ndani ya msikiti huo huo mna kaburi linaloaminika kuwa na kichwa cha Nabii Yahya, na Papa Yohane Paulo wa Pili alifika hapo Mei 2001, akawa papa wa kwanza kuingia msikitini. Isa atamuua Dajjal, yule mwongo mkuu wa siku za mwisho, atahukumu kwa haki, atavunja misalaba na kuua nguruwe, kisha atakufa kama wanavyokufa watu wote, na Waislamu watamsalia. Najua maneno ya kuvunja misalaba yanamkera Mkristo, na wako Waislamu ambao wakiwa na wageni huyaruka. Mimi siyaruki. Ndani ya kisa cha Kiislamu, anayevunja msalaba ni yule ambaye watu walidai walimwangika hapo. Anafika mwenyewe kutoa ushahidi. Mkristo halazimiki kuupenda ushahidi huo, ila inafaa aelewe kwamba kwa Mwislamu aliyeketi karibu naye, hayo ni maneno ya Isa kujitetea, na hayatoki kwenye chuki dhidi yake.

Wapo wenzetu wenye moyo mzuri ambao dawa yao ni kusema sote tunaamini mamoja. Katika makongamano ya amani, viongozi wa dini hukaa meza moja, mtu akanukuu kwamba Waislamu nao wanamheshimu Yesu, ukumbi ukapiga makofi, ikaletwa chai. Heshima hiyo ni ya kweli, lakini kuisema nusu ni kumdanganya mgeni. Siku atakaposikia nusu ya pili kwenye spika za barabarani atajiona aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Historia yenyewe inatufundisha njia nyingine. Mwaka 615 hivi, Waislamu walioteswa Makka walivuka Bahari ya Shamu wakakimbilia Habasha, kwa mfalme Mkristo tunayemwita Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Wanasira wanasimulia kwamba siku ya kwanza Jaafar bin Abi Talib alisoma mwanzo wa Suratu Maryam, na mfalme akalia pamoja na maaskofu wake. Mambo yangeishia hapo, yangekuwa hadithi safi ya kongamano la amani. Lakini siku ya pili mjumbe wa Makureshi, Amr bin al-As, alirudi na swali la mtego: waulize wanamsemaje Isa. Waislamu wale walikuwa wageni wasio na nchi, na jibu lao lingeweza kuwarudisha kwenye mateso. Jaafar hakukwepa. Alisema Isa ni mja wa Mungu na mtume wake, na roho yake, na neno lake alilompelekea bikira Maryam. Najashi akaokota kijiti, akasema Isa hazidi hayo hata kwa kadiri ya kijiti kile. Maaskofu wakaguna. Mfalme akawaambia hata wakiguna, wakimbizi wabaki salama nchini mwake, na zawadi za Makureshi zikarudishwa.

Kisa hicho kinapendwa sana na waandaaji wa hafla, na karibu kila mara wanasimulia siku ya kwanza tu. Kwangu mimi uzito uko kwenye siku ya pili. Usalama wa wakimbizi haukutokana na kufanana. Ulitokana na mwenyeji aliyeisikia tofauti hadi mwisho, huku watu wake wakiguna, akaona kwamba haimfanyi mgeni kuwa adui.

Miaka kumi na kitu baadaye, Wakristo wa Najran walikwenda Madina kujadiliana na Mtume Muhammad (S.A.W.) juu ya Isa huyo huyo. Sehemu kubwa ya mwanzo wa sura ya tatu inahusishwa na mjadala huo. Ibn Ishaq, mwandishi wa sira ya Mtume, anasimulia kwamba wakati wao wa ibada ulipofika waliachwa wasali ndani ya msikiti wa Mtume, wakaelekea mashariki. Hawakuafikiana. Wakatiliana mkataba, wakarudi kwao na dini yao. Kwa ulinganisho, sisi tulishindwa. Februari 1998, malalamiko kwamba mihadhara ya msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, inamkashifu Yesu yaliishia kwa polisi kufyatua risasi na watu kufa.

Mihadhara ile ilikuwa na mfumo wake, na waliokua miaka ya 1980 na 1990 wanaukumbuka. Mhubiri wa Kiislamu anasimama na Biblia mkononi, msaidizi wake ana nakala nyingine. Mhubiri anataja kitabu na mstari, anaamrisha asomewe, msaidizi anasoma, umati unaitikia. Kanda za Ahmed Deedat wa Durban ziliwapa wengi mfano wa kuiga. Nayo mikutano ya injili haikukaa kimya, ikaleta wahubiri wanaosoma Qur'ani namna hiyo hiyo. Siwalaumu kwa kujadiliana. Mjadala ni mzee kuliko nchi zetu. Ninachowalaumu ni kwamba kila upande ulikisoma kitabu cha mwenzake kwa kusaka mistari ya kumnasia, na Isa akageuka kuwa mzoga wa kugombaniwa kwenye viwanja vya mpira.

Tabia hiyo haikuanza na spika. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana wa Unguja, na maelezo yake yalikusudiwa kuwasaidia walimu wa Kikristo kujibizana na Waislamu. Ya pili, ya mwaka 1953, ilitolewa Nairobi na Waahmadiyya chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, na ndani yake Isa amekwisha kufa. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaikamilisha yake mwaka 1969, na miongoni mwa mambo aliyoyakusudia ni kuwajibu hao waliomtangulia. Kwa hiyo Mswahili wa karne ya 20 aliyetaka kumjua Isa kwa lugha yake alimkuta tayari yumo katikati ya ubishi wa watu watatu. Kazi zao zina faida kubwa, nasi tunazitegemea. Lakini zimeturithisha mazoea ya kumsoma mwana wa Maryam huku tukimtafuta wa kumshinda.

Kuna watakaoniambia kwamba kuzitaja tofauti waziwazi ni kuchokoza moto, na kwamba ni afadhali kila mtu abaki na chake. Nawaheshimu, ila ukimya wetu haujazuia kitu. Watoto wetu wanaambiana hayo hayo kwenye simu, kwa vipande vya video vya dakika mbili vilivyokatwa kutoka kwenye midahalo ya watu wasiowajua. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwasimulia kisa kizima. Shuleni wakati wa kipindi cha dini ukifika wanafunzi hugawanyika, Waislamu huku na Wakristo kule. Sina ugomvi na mgawanyo huo, kwa kuwa kila mtoto ana haki ya kufundishwa imani ya wazazi wake na mtu anayeiamini. Ninachoomba ni kwamba mwalimu wa kila upande, atakapofika kwa Isa, asiwafundishe wanafunzi wake kile ambacho jirani hakiamini na kuishia hapo. Awafundishe anachokiamini.

Na kwa wahubiri, wa msikitini na wa kanisani, nina sharti moja ambalo ningependa waumini walidai kabla ya kuchangia pesa za spika. Mwislamu anayetaka kumzungumzia Yesu wa Wakristo amsimulie kwanza Mkristo, kwa ukamilifu, kwa nini msalaba ni habari njema. Mkristo anayetaka kumzungumzia Isa wa Waislamu amsimulie kwanza Mwislamu nadhiri ya mke wa Imran, mtende, kichanga kilichosema, meza ya mbinguni, kuinuliwa na kurudi, na kwa nini neno mja ni cheo na si tusi. Mwenye imani yake akisema ndivyo hasa, mhubiri na aendelee, apinge apendavyo, na hata watu wakiguna, wavumilie kama walivyovumilia maaskofu wa Najashi. Akisema sivyo, mhubiri huyo ateremke jukwaani akasome kwanza.